Sitara ya Mtu Mtandaoni

Kijana mmoja anayefanya kazi katika saiba mjini Kitale aliniletea sera ya programu ya mikopo ya simu, iliyofasiriwa kwa Kiswahili na kupigwa chapa, ambayo juu yake, kwa herufi nene, yaliandikwa maneno "Sera ya Usiri". Niliisoma yote, kwa kuwa mtu anayedai kuipenda lugha yampasa asome hata yale yamwudhiyo, na kila aya niliyoipita ilinieleza ni kitu gani cha mkopaji kitakachochukuliwa: namba za jamaa zake zilizomo katika simu, mahali alipo, ujumbe wa fedha alizopokea na alizotuma. Hapakuwa na siri hata moja katika karatasi ile, wala ahadi ya kuitunza. Sera nzima ilikuwa imepewa jina la jambo lisilokuwamo ndani yake, na waliolitoa jina hilo, wawe kamati au wafasiri wanaolipwa kwa ukurasa, hawakujiuliza raia wa kawaida atalifahamu vipi.

Siri ni neno jema, na mahali pake sina ugomvi nalo. Asili yake ni sirr ya Kiarabu, na tangu ilipoingia katika lugha yetu imedumu na maana ileile: jambo ambalo mwenyewe analijua, au analijua pamoja na wachache aliowaamini, na ambalo hataki wengine walijue. Mgonjwa na tabibu wake wana usiri, mshitakiwa na wakili wake wana usiri, na nenosiri la barua pepe limeitwa vizuri kwa sababu kweli ni neno na kweli ni siri. Walakini siri humtaka mwenyewe awe na kitu cha kuficha, na hapo ndipo neno hili linapotuponza. Keti na watu wa Bungoma wanaobishana jioni kwenye maduka ya simu juu ya vivinjari, huyu akisema Chrome ndiyo bora, yule akisema Firefox, na wa tatu akiapa kwamba Opera Mini peke yake ndiyo isiyomaliza bando; waulize kama wanaujali usiri wao mtandaoni, nao watakujibu kwa sauti moja kwamba hawana siri yoyote, hawajaiba wala hawajaua. Jawabu hilo ni sawa kwa kadiri ya swali. Aliyeulizwa juu ya siri amejibu juu ya siri, na mjadala umekwisha kabla haujaanza, ilhali kampuni inayomfuata kutoka tovuti moja hadi nyingine haina haja na siri zake hata kidogo. Inayataka mambo yake ya kila siku, bei ya mbolea aliyoitafuta, saa anayolala, ugonjwa wa ng'ombe wake, ada ya shule inayomhangaisha. Mambo hayo jirani zake wote wanayajua, kwa hiyo si siri, na bado ni yake.

Wafasiri walio bora kuliko hao wa usiri husema faragha, na kwao nazungumza kwa taadhima, maana neno lao lina nasaba na lina cheo. Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inayo ibara ya 16, iliyoingizwa kwa marekebisho ya mwaka 1984, ambayo kichwa chake kinataja haki ya faragha na ya usalama wa mtu. Na sera za kampuni kubwa za intaneti, zikifasiriwa na watu makini, aghalabu huitwa sera za faragha. Hata hivyo, cheo si hoja. Shina la faragha katika Kiarabu ni utupu na nafasi, chombo kisichokuwa na kitu na wakati usiokuwa na kazi, na Waswahili walipolichukua walilipeleka kwenye chumba na pembeni: mahali patupu pasipo watu, ambapo wawili huenda kusemezana. Ndiyo maana mpaka leo twasema wamekwenda faraghani, tukitia kiambishi cha mahali bila kufikiri, kwa sababu neno lenyewe ni la mahali. Waarabu nao, walipotaka kuitaja haki hii ya zama zetu, hawakurudi kwenye shina hilo. Wao husema khususiya, ndugu wa hususa yetu. Na yupo mfasiri mmoja, ambaye kazi yake niliiona kwa macho yangu, aliyediriki kuandika ubinafsi, asikumbuke kwamba ubinafsi katika Kiswahili ni choyo cha mtu anayejipenda peke yake.

Sasa na tulipime neno faragha kwa mambo yaliyotokea. Mwezi wa Septemba mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ya Kenya, chini ya Immaculate Kassait, iliitoza Casa Vera Lounge ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja wake bila ridhaa yake, na ikaitoza Roma School ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Mteja yule alikuwa katika ukumbi wa starehe, mahali pa kuonana na watu. Watoto wale walikuwa wanafunzi wanaoonwa kila siku na wenzao na walimu wao. Faragha i wapi hapo? Na siri i wapi? Hakuna hata moja, na dhuluma ipo, na faini imetozwa. Haki inayoweza kuvunjwa mbele ya kadamnasi haiwezi kuitwa kwa jina la mahali pasipo watu.

Neno ninalolitetea, na nimelitetea kwa miaka mingi, ni sitara. Shina lake ni satara, yaani kufunika na kuweka pazia, na kutoka katika shina hilo tumepata kusitiri, kujisitiri, kusitirika, na stara ya mwenendo. Waislamu humwomba Mwenyezi Mungu kwa jina la Sattar, Mwenye kuzisitiri aibu za waja wake. Na masikini akipata chumba cha kupanga husema, kwa shukrani, kwamba amepata pa kujisitiri, asiwe na maana kwamba amepata pa kufichia kitu. Kitenzi hiki si uzushi wangu, kwa kuwa kimo katika kamusi iliyotayarishwa chini ya uongozi wa Frederick Johnson na kutolewa mwaka 1939, kazi ya Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya nchi zetu hizi, kamati ambayo, pamoja na kasoro zake, ilikuwa na adabu ya kuwasikiliza wasemaji kabla ya kuandika.

Lakini ushahidi ulio mzito kuliko yote uko katika neno dogo ambalo wajuzi wa istilahi hawakulitazama, nalo ni sutra. Mtu anayeswali mahali pa wazi huweka mbele yake kitu, nguzo, fimbo, au hata mfuko wake, na kitu hicho huitwa sutra, cha shina lilelile la sitara. Hakimfichi. Watu wote wanamwona anavyorukuu na anavyosujudu, wala yeye hafanyi jambo la kuonea haya. Ila kuanzia pale alipo hadi kwenye sutra yake pamekuwa pake, na apitaye katikati amekosa. Humo mna maana nzima ambayo wafasiri wanaihangaikia: mpaka uliowekwa mbele ya macho ya watu, usiodai utupu wala maficho, na ambao wajibu wake umemwangukia mpita njia. Lugha ambayo imebeba maana hiyo kwa karne nyingi haikustahili kufundishwa kusema usiri.

Tena sitara huzaa, na neno lisilozaa ni mzigo. Twaweza kusema kwamba kivinjari hiki chakusitiri na kile hakikusitiri, kwamba taarifa za mgonjwa zimesitiriwa, kwamba fulani amevuliwa sitara yake. Ilhali kwa faragha hakuna njia ya kusema kwamba kitu kimoja kimemfanyia mwenzake jambo, maana huwezi kumfaragha mtu. Na neno sitara litakaa vema pamoja na jamaa zake wa mtandaoni. Kivinjari ni neno la baharini, kwa kuwa manowari ndiyo ivinjariyo pwani ikipita huku na huku. Na vidakuzi, neno ambalo wengi hulicheka na mimi nalisifu, halikwenda kutafuta biskuti ya Waingereza, kwani ndani yake nasikia udaku, habari za mtu zikidokolewa na kupelekwa kwingine. Lou Montulli wa Netscape alikibuni kidakuzi mwaka 1994 ili tovuti imkumbuke mteja wake, na wafanyabiashara wa matangazo wakakigeuza kuwa mfuasi asiyeitwa. Firefox ilianza kuvizuia vidakuzi vya ufuatiliaji bila kuombwa mwaka 2019, Safari ya Apple ikavizuia vyote vya wageni, yaani vya tovuti nyingine isiyo ile iliyofunguliwa, mwaka 2020, na Google, iliyoahidi mwaka huohuo wa 2020 kuviondoa katika Chrome ndani ya miaka miwili, iliahirisha mara kwa mara mpaka mwaka 2024 ikaiacha nia hiyo. Nasema vya wageni, wala sitasema vya mtu wa tatu, maana hayo ni maneno ya Kiingereza yaliyopangwa upya.

Nililipeleka neno sitara, pamoja na hoja zake zote zilizopigwa chapa, mbele ya jopo moja la istilahi ambalo sitalitaja, na halikujadiliwa. Mjumbe mmoja alisema kwamba sitara ni neno la mavazi ya wanawake. Mwingine, mwenyeji wa mwambao na mtu ninayemheshimu kwa elimu yake, aliuliza mtu wa Kitale amelipata wapi neno la watu wa pwani, na wenzake wakacheka, na kikao kikaendelea na neno jingine. Kwa huyu wa pili najibu kwamba Kiswahili, kwa Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ni lugha ya taifa na ni lugha rasmi, haikuandikwa kwamba ni lugha rasmi ya mwambao, na kwamba sutra nimeiona misikitini Kitale na Bungoma, mbele ya watu waliozaliwa huku na waliozikwa huku. Kwa yule wa kwanza najibu kwamba ametoa hoja yangu bila kujua. Nguo ya kujisitiri huvaliwa na kila mtu, mwema na mwovu, na hakuna aliyewahi kusema, "Mimi sina kosa mwilini, kwa hiyo nitakwenda sokoni uchi." Mwili si siri, kila mtu anao na kila mtu anajua ulivyo, twaufunika kwa kuwa ni wetu na sisi ndio wa kuamua nani auone. Taarifa za mtu ndivyo zilivyo.

Ambaye hajaridhika na atazame daftari la wakala wa pesa pale steji ya Bungoma. Ni daftari refu, kurasa zake zimepigwa mistari kwa rula, na kila mstari una tarehe, jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, kiasi na sahihi. Niinamapo kutia sahihi yangu naona, kwa mwandiko wa wakala, nani ametangulia na ametoa kiasi gani, na namba yake ya simu iko chini ya kidole changu, wazi, yaweza kunakiliwa na yeyote aliye nyuma yangu katika foleni. Hapana siri iliyoibwa, kwa kuwa mama yule mwenyewe alizitaja tarakimu zake kwa sauti, wala hapakuwa na faragha, kwa kuwa tuko kando ya barabara. Kilichokosekana ni sitara. Wakala mmoja niliyemweleza haya hakuhitaji semina; alikata kipande cha boksi la sabuni, akawa anakilaza juu ya mistari ya wengine kila mteja anapotia sahihi.

Katiba hiyohiyo ya Kenya, katika ibara ya 31, inamkinga mtu asipekuliwe mwili wala nyumba wala mali yake, asinyang'anywe vitu vyake, asiingiliwe katika mawasiliano yake, na, jambo ambalo wengi hulipita bila kulitazama, habari za familia yake na mambo yake binafsi zisidaiwe wala zisifichuliwe isivyo lazima. Zisidaiwe: yaani hata kuulizwa kuna mpaka. Usiri hauna la kusema hapo, kwa kuwa kazi yake huanza baada ya jambo kuambiwa mtu. Sitara huanza kabla, mlangoni, pale mtu anaposema ya nini kuniuliza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imejengwa juu ya ibara hiyo, na ingefaa sana ijadiliwe vijijini kwa neno linalobeba uzito wake.

Ama kuhusu matumizi ya sitara mtandaoni, itoshe kusema kwamba atumiaye kompyuta ya saiba akatae kuhifadhi nenosiri, atoke katika akaunti yake, na afute vidakuzi kabla ya kulipa na kuondoka.

Yaliyobaki ni ya watu wa kalamu. Usiri na waachiwe tabibu na wakili, faragha na iachiwe chumba, na haki ya mtu juu ya habari zake ipewe jina lake. Nawaomba walimu wa Kiswahili wa Bungoma na Trans Nzoia walifundishe neno hili muhula huu, bila kungoja idhini ya jopo lolote, na mfasiri atakayepewa sera ya programu aandike juu yake Sera ya Sitara.