Chini Duka, Juu Nyumba: Majumba ya Katikati ya Mwanza

Aprili 1971, baadhi ya wafanyabiashara wa Mwanza walilala wakiwa wenye nyumba, wakaamka wapangaji. Sheria ya kutaifisha majumba ya tarehe 22 mwezi huo iliipa Serikali mamlaka ya kuchukua jengo lolote lenye thamani ya shilingi 100,000 na kuendelea, ikiwa mwenyewe hakulikalia lote. Jengo lililokuwa na umri wa zaidi ya miaka 10 halikulipiwa fidia hata senti. Nchi nzima yalichukuliwa majengo yanayokaribia 3,000, yakawekwa chini ya ofisi mpya iliyoitwa Msajili wa Majumba.

Tukio hilo husimuliwa zaidi kama sura ya Ujamaa. Kwa mji wa Mwanza lina uzito mwingine, kwa sababu ndilo lililovunja uhusiano wa miaka mingi kati ya duka la chini na familia iliyoishi juu yake. Leo miji mikubwa duniani inahangaika na majengo ya ofisi yaliyobaki matupu, ikitafuta namna ya kuyageuza kuwa fleti ili watu warudi kuishi katikati ya mji. Mwanza watu waliishi humo tangu mwanzo, na inafaa kujua kilichowatoa.

Wajerumani walifungua kituo chao hapo mwaka 1892, wakilenga kulidhibiti Ziwa Victoria na kuendeleza kilimo cha pamba. Biashara yenyewe ilipata nguvu kutoka upande wa pili wa maji. Desemba 1901 reli ya Uganda ilifika Kisumu, wakati huo ikiitwa Port Florence, na miaka michache baadaye meli za Winifred, Sybil na Clement Hill zilikuwa zikizunguka bandari za ziwa. Ngozi, karanga, mchele na pamba vilipakiwa Mwanza, vikashushwa Kisumu, vikapanda treni hadi Mombasa. Mazao ya koloni la Mjerumani yakawa yanatoka nje kupitia bandari ya Mwingereza. Wenye maduka kutoka India walifuata njia hiyo hiyo. Alidina Visram, tajiri wa Kiismailia aliyeanzia biashara Bagamoyo, alikuwa na matawi kuzunguka ziwa. Waingereza waliuteka mji Julai 1916, na mwaka 1928 reli kutoka Tabora ilipofika, Mwanza ikapata hatimaye njia yake ya kwenda Dar es Salaam.

Majengo ya mitaa ya biashara yalikua kwa mpangilio mmoja. Kiwanja kilikuwa chembamba lakini kirefu kwenda nyuma, maana kila mfanyabiashara alitaka uso wa barabara. Mbele kulikuwa na baraza, kisha milango mipana ya mbao, kaunta, na rafu za vitambaa, sabuni na sukari. Nyuma ya kaunta kulikuwa na stoo, na nyuma ya stoo kulikuwa na uani. Ngazi nyembamba ya ubavuni ilipanda hadi sebuleni na vyumbani, na mbele kabisa palikuwa na roshani iliyotazama mtaa. Uani ndiko kulikokuwa na jiko na mahali pa kufulia, na ndiko mwanga na hewa vilikopitia kuingia vyumba vya nyuma. Mwenye duka alishuka ngazi kwenda kazini. Jioni milango ya chini ilipofungwa, madirisha ya juu yaliwashwa taa, na mtaa haukubaki mtupu.

Makazi hayo yalikuwa na mipaka yake, na haifai kuyapamba. Mji wa kikoloni uligawa watu kwa rangi: Wazungu vilimani na ufukweni kuelekea Capri Point, Wahindi katika mitaa ya biashara, Waafrika pembezoni. Msukuma aliyeleta pamba mjini aliuza na kununua chini ya roshani ambako hakutarajia kukaa.

Hali hiyo ilianza kubadilika kupitia pamba yenyewe. Wakulima walikuwa wamechoka na mizani za wanunuzi, na katika miaka ya mwanzo ya 1950 vyama vyao vya ushirika vilienea Usukuma. Mwaka 1955 viliungana kuunda Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani, ambaye baadaye alikuwa waziri wa fedha wa Tanganyika huru. Shirikisho hilo lilinunua viwanda vya kuchambua pamba, likaajiri makarani, wahasibu na wakaguzi, na likahitaji mahali pa kuwaweka. Mwafrika akaingia katikati ya mji akiwa na dawati na hesabu za mamilioni. Shirikisho likaja kuwa Nyanza Co-operative Union, likavunjwa mwaka 1976 pamoja na vyama vikuu vyote vya ushirika nchini, kisha likafufuliwa mwaka 1984. Kila badiliko la namna hiyo lilihamisha mafaili kutoka jengo moja hadi jingine.

Ndipo ikaja 1971, na mwaka uliofuata ukaja mpango wa Madaraka Mikoani. Serikali ilipeleka wataalamu na makarani wengi mikoani, na wote walihitaji ofisi na pa kulala. Wakati huo huo familia nyingi za Kihindi zilikuwa zinafunga mizigo kwenda Uingereza na Kanada. Vyumba vilivyokuwa sebule vikapewa idara, mashirika ya umma na watumishi. Mtumishi aliyepata nyumba ya Msajili mjini alihesabiwa kuwa na bahati, na kwa haki kabisa: kodi ilikuwa ndogo, soko lilikuwa karibu, na kwa mara ya kwanza ghorofa za mtaa wa biashara zilifunguliwa kwa raia wa rangi zote. Hilo lilikuwa jambo jema.

Tatizo lilikuwa kwamba kodi hiyo ndogo haikutosha kukarabati paa. Mabomba yalizeeka na rangi ikabambuka. Mpangaji hakuwa na sababu ya kutia fedha yake katika jengo ambalo si lake, na Msajili hakuwa na fedha ya kutosha kutia katika majengo yote aliyokabidhiwa. Mwaka 1990 Bunge lilimfuta Msajili, na mali zake zikahamia Shirika la Nyumba la Taifa, lililokuwa limeanzishwa mwaka 1962. Biashara huria ilikuwa imekwisha kurudi. Fremu ya chini ikawa na thamani kubwa mno, na katika miji ya Tanzania mpangaji wa majengo ya aina hii aliyetaka kuondoka alimwachia mwenzake kwa kilemba, fedha ambayo haikuandikwa kwenye mkataba wowote. Ghorofa ya juu ikafuata bei ya chini: stoo ya bidhaa, gesti, ofisi ya wakili, maabara, chumba cha kompyuta. Bidhaa zilikuwa na uwezo mkubwa wa kulipa kodi kuliko familia.

Mji wenyewe ulikuwa unavimba. Sensa ya 1967 ilikuta watu takriban 35,000 Mwanza. Ile ya 1978 ilikuta zaidi ya 110,000. Mwaka 2022 wilaya mbili za jiji, Nyamagana na Ilemela, zilikuwa na watu 1,104,521. Wengi wao hawakupata nafasi katikati. Walipanda vilima vya Mabatini, Igogo na Isamilo, wakajenga kati ya mawe makubwa ambako gari halifiki, au wakaenda Buhongwa na Igoma, na kila asubuhi wakapanda daladala kurudi mjini walikoacha ghorofa zimejaa maboksi.

Kuzunguka ziwa, majengo ya aina hiyo hiyo yamepitia mikono tofauti. Kisumu yalibaki mali binafsi, ingawa sheria ya leseni za biashara ya 1967 iliwasukuma Wahindi wengi wasio raia kuondoka Kenya. Jinja, mji ulionawiri baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954, wenyewe walifukuzwa. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa siku 90, na nyumba zao zikawekwa chini ya bodi ya mali za Waasia walioondoka. Miaka kumi baadaye Uganda ilitunga sheria ya kuwarudishia, na urejeshaji mkubwa ulifanyika miaka ya 1990. Mwanza hakuna aliyefukuzwa kwa amri, lakini sehemu kubwa ya majengo yaliyotwaliwa haikurudi, na mwenye nyumba mkubwa wa katikati ya mji akawa shirika la umma. Ziwa moja, ujenzi mmoja, hati tatu tofauti.

Wimbi la ofisi za kisasa lilikuja baadaye. Mgodi wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, mwaka ambao Mwanza ilitangazwa jiji, na Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001. Mabenki, kampuni za huduma za migodi na viwanda vya samaki vilihitaji mahali pa kukaa. Mifuko ya hifadhi ya jamii, iliyokuwa na akiba za wafanyakazi za kuwekeza, ikajenga; PPF Plaza ya Barabara ya Kenyatta na Rock City Mall, ambamo LAPF iliingia ubia na jiji, ni matunda ya kipindi hicho. Kisha upepo ukageuka. Julai 2016 Rais Magufuli alitangaza kwamba Serikali itahamia Dodoma, na wizara zikaanza kuacha ofisi Dar es Salaam. Mwaka 2018 mifuko ya PPF, PSPF, LAPF na GEPF iliunganishwa kuwa PSSSF. Mifuko minne iliyokuwa na mameneja, mapokezi na masjala zake ikawa mmoja. Ofisi za namna hiyo hazihitajiki tena mara nne.

Kwingineko majengo kama hayo yamegeuzwa. Chini mwa Manhattan kazi hiyo ilianza katikati ya miaka ya 1990 kwa msaada wa unafuu wa kodi, na benki ya zamani ya One Wall Street, iliyojengwa mwaka 1931, sasa ina fleti 566. Johannesburg, makampuni yalipohamia Sandton, na soko la hisa nalo likahama mwaka 2000, ofisi yalizoziacha katikati ya jiji ziligeuzwa nyumba za wafanyakazi wa kipato cha kawaida. Mafundi wa kazi hiyo hutaja kikwazo kile kile: ofisi ya kisasa ni nene. Katikati ya sakafu hakuna dirisha, na vyoo vyote vimepangwa sehemu moja kando ya lifti, wakati kila fleti inataka jiko, bafu na bomba lake la maji taka.

Kwa kipimo hicho jengo kuukuu la mtaa wa Lumumba au Rwagasore lina sifa ambazo mnara wa kioo hauna. Ni jembamba, lina uani, na vyumba vyake vilikatwa tangu mwanzo kwa ajili ya familia. Kinachohitajika ni nyaya mpya, paa lisilovuja na maji, na kwa maji jiji liko mahali pazuri kuliko zamani: mtambo wa Capri Point una uwezo wa lita milioni 90 kwa siku, na ule wa Butimba umeongeza lita milioni 48.

Sheria nayo ipo. Uganda ilitunga ya kwake ya umiliki wa fleti mwaka 2001. Kenya ilikuwa nayo tangu 1987, ikaiandika upya mwaka 2020. Tanzania ilipitisha Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo mwaka 2008. Kwa sheria hiyo mtu anaweza kupata hati ya fleti ya ghorofa ya tatu bila kumiliki jengo zima. Pamoja na vyumba vyake anapata fungu katika mali ya pamoja, yaani kiwanja, ngazi, paa, tangi la maji, na wenye fleti wote wanakuwa chama kinachokusanya michango ya matengenezo. Swali lililowashinda Msajili na wapangaji wake, nani alipie paa, limejibiwa humo.

Hata hivyo, sheria hiyo imetumika zaidi kwa majengo mapya. Kwa majumba ya zamani njia iliyozoeleka ni ubia: Shirika la Nyumba linatoa kiwanja, mwekezaji analeta fedha, jengo la zamani linabomolewa na refu linapanda. Sera mpya ya ubia iliyozinduliwa Novemba 2022 imeipa njia hiyo kasi, na katikati ya Mwanza, ambako viwanja vimebanwa na mawe na maji, vishawishi vya kubomoa ni vingi. Kabla nyundo haijaanza kazi, shirika na jiji wana wajibu wa kupima jengo moja moja: kuta ziko imara kiasi gani, ghorofa ya juu inaweza kubeba familia ngapi, na mpangaji aliyekaa humo miaka 30 apewe nafasi ya kwanza ya kununua hati ya sehemu yake kwa bei na muda wa malipo anaoumudu. Mikataba ya ubia nayo iandike wazi ni ghorofa ngapi zitakuwa za kuishi watu, ili nafasi hiyo isije ikaishia tena kuwa stoo.