Msamaha wa Mtihani Sanifu katika Udahili wa Shule za Sera za Umma Marekani: Historia na Lugha ya Uthibitisho

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya mtihani sanifu na msamaha wake katika mafunzo ya utumishi wa umma nchini Marekani, kuanzia sheria ya mwaka 1883 hadi kipindi cha janga la UVIKO-19. Hoja yake ni kwamba msamaha haujaondoa kipimo, bali umehamisha mzigo wa uthibitisho kutoka kwenye alama moja kwenda kwenye ushahidi wa aina nyingine. Kwa mwombaji wa Afrika Mashariki, ushahidi huo hutegemea namna matokeo ya chuo chake yanavyosomwa ughaibuni, na hutegemea pia hadhi ya Kiingereza katika sera ya lugha ya nchi yake.

1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili, dhana ya kuondolewa sharti huelezwa kwa neno msamaha, kama katika msamaha wa kodi au msamaha wa ada. Neno hili lina mzigo wake. Anayesamehewa kwa kawaida ni mwenye kosa au mwenye deni. Mwombaji wa shahada ya uzamili ya sera za umma anayeomba asifanye mtihani wa GRE hana kosa wala hadaiwi. Anachoomba ni kuthibitisha uwezo wake kwa njia nyingine. Neno ruhusa lingekaribia zaidi maana hiyo. Hata hivyo, msamaha limekwisha kuzoeleka, na makala haya yanalitumia kwa tahadhari hiyo.

Mjadala wa sasa huuzungumzia msamaha huu kana kwamba ulizaliwa mwaka 2020, vituo vya mitihani vilipofungwa. Historia inaonyesha vinginevyo.

2.0 Mtihani kama kinga dhidi ya kujuana

Julai 1881 Rais James Garfield wa Marekani alipigwa risasi na Charles Guiteau, mtu aliyeamini kuwa alistahili cheo serikalini kwa kuwa alikiunga mkono chama kilichoshinda. Garfield alifariki Septemba mwaka huohuo. Kwa miongo mingi kabla ya hapo, nafasi za kazi serikalini ziligawiwa wafuasi wa chama tawala, na kila uchaguzi ulileta makarani wapya. Kifo cha Garfield kiliipa nguvu hoja ya wanamageuzi, na Januari 1883 ikapitishwa Sheria ya Pendleton, iliyoagiza kwamba sehemu ya nafasi hizo ijazwe kwa mitihani ya ushindani. Mwanzoni sheria iligusa takribani asilimia 10 tu ya kazi za serikali kuu.

Mtihani, basi, uliingia katika utumishi wa umma wa Marekani kama ngao ya mtu asiyejulikana. Mtoto wa mkulima asiye na mjomba wizarani aliweza kushindana kwa kalamu. Wanaoutetea mtihani leo, hata wasipoitaja sheria hiyo, wanarudia hoja yake. Nayo ni hoja nzito: barua za wadhamini, insha za maelezo binafsi na jina la chuo alikosoma mtu vyote vinaweza kubeba kujuana ndani yake.

Shule zilizokuja kufundisha utumishi huo hazikuanza na mtihani sanifu. Shule ya Maxwell katika Chuo Kikuu cha Syracuse ilifunguliwa mwaka 1924. Harvard ilianzisha shule yake ya utawala wa umma mwaka 1936 kwa fedha za Lucius Littauer, nayo ikaja kuitwa Shule ya John F. Kennedy miaka 30 baadaye. GRE yenyewe ilikuwa bado ni jaribio. Wakfu wa Carnegie, chini ya uongozi wa William Learned, uliuanzisha katika nusu ya pili ya miaka ya 1930 kwa kushirikiana na Harvard, Yale, Princeton na Columbia, na mwaka 1937 ukatolewa kwa wanafunzi wa uzamili waliokuwa wameanza masomo. Jambo hili linastahili kukumbukwa, kwani waliotahiniwa walikuwa wamekwisha kuingia ndani ya geti. Lengo lilikuwa kujua walichokijua, na kuwachuja langoni kulikuja baadaye.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vyuo vilifurika wanafunzi, wakiwemo askari waliosomeshwa kwa sheria ya mwaka 1944. Desemba 1947 taasisi ya ETS iliundwa kwa kuunganisha shughuli za mitihani za mashirika kadhaa, ukiwemo Wakfu wa Carnegie, na GRE ikahamia huko.

3.0 Kwa nini shule za sera ziliipenda namba

Kati ya mwaka 1968 na 1972 hivi, Marekani ilishuhudia kizazi kipya cha shule. Berkeley ilianzisha yake mwaka 1969, na Harvard, Michigan, Duke na Carnegie Mellon zikaanzisha programu zilizofanana nayo. Tofauti na shule za utawala za awali, hizi zilijengwa juu ya uchumi na takwimu. Rais Lyndon Johnson alikuwa ameagiza mwaka 1965 kwamba mbinu za upangaji na bajeti zilizotumika Wizara ya Ulinzi zienezwe katika serikali nzima, na serikali ilihitaji watu wa kuzitumia. Katika mazingira hayo, alama ya sehemu ya hesabu ya GRE ilionekana kuwa kioo cha kile ambacho shule ingemdai mwanafunzi muhula wa kwanza.

Utafiti haukuibeza imani hiyo moja kwa moja. Kuncel na wenzake (2001), walipokusanya matokeo ya tafiti nyingi, walikuta kwamba GRE inabashiri alama za masomo ya uzamili kwa kiasi fulani. Lakini kubashiri alama za darasani ni jambo moja, na kubashiri nani atakuwa mtumishi mzuri wa wizara ya maji ni jambo jingine.

4.0 Msamaha wa mwaka 1981

Kisa kinachoangaza zaidi suala hili kilitokea serikalini, nje ya kuta za vyuo. Mwaka 1974 serikali kuu ya Marekani ilianza kutumia mtihani uitwao PACE kuajiri wahitimu wa vyuo katika kazi nyingi za kitaalamu na kiutawala. Waombaji weusi na wenye asili ya nchi za lugha ya Kihispania walifaulu kwa kiwango cha chini sana kuliko wazungu, na kesi ya Luevano ikafunguliwa mahakamani mwaka 1979. Mwaka 1981 pande mbili zilifikia makubaliano yaliyoidhinishwa na mahakama, na PACE ikaachwa.

Kilichokuja mahali pake ndicho chenye funzo kwa mada hii. Makubaliano yaliruhusu njia mbili za kuajiri bila mtihani wa ushindani. Ya kwanza iliwahusu wahitimu wenye wastani wa 3.45 au zaidi katika kipimo cha 4, au waliokuwa katika asilimia 10 ya juu ya darasa lao. Ya pili iliwahusu wenye umilisi wa Kihispania au ujuzi wa utamaduni wa wanaokizungumza, pale kazi ilipohitaji hivyo. Huo ulikuwa msamaha kamili, na masharti yake yaliandikwa wazi: alama za chuo kwa upande mmoja, lugha kwa upande mwingine. Mwaka 2000 bodi ya Marekani inayolinda kanuni za ustahili katika utumishi wa umma ilitoa ripoti ikipendekeza njia zote mbili zikomeshwe. Wastani wa chuo, uliotakiwa kuwa dawa ya mtihani, ulikuwa umeshtakiwa kwa ugonjwa uleule wa kutopima kinachotakiwa kupimwa.

5.0 Mwombaji wa Afrika Mashariki

Machi 2020 vituo vya GRE vilifungwa sehemu nyingi duniani, na ETS ikaanzisha njia ya kufanyia mtihani nyumbani. Masharti yake yalikuwa chumba ambamo mtahiniwa yuko peke yake, mlango umefungwa, kompyuta yenye kamera, na intaneti isiyokatika. Mtu anayeishi na ndugu sita katika vyumba viwili Mbagala au Kibera ataelewa mara moja mtihani huo ulimwazia nani. Shule nyingi za sera zilisimamisha sharti la GRE katika kipindi hicho, na baadhi hazikulirudisha. Nyingine zilirudisha sharti pamoja na msamaha kwa wenye uzoefu wa kazi, wenye kozi za uchumi na takwimu, au wenye wastani mzuri.

Hapa ndipo ushahidi wa Luevano unaporudi kwa sura nyingine. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wastani huhesabiwa kwa kipimo cha 5, ambapo 3.5 ni mwanzo wa daraja la pili la juu na 4.4 ni mwanzo wa daraja la kwanza. Msomaji wa maombi aliyezoea kipimo cha 4 anaweza kuiona 3.5 hiyo kuwa bora kuliko ilivyo, au, akiigeuza kwa kanuni ya uwiano, kuiona 2.8 na kumweka mwombaji chini ya sharti. Hakuna kati ya usomaji huo miwili unaoeleza jinsi daraja la pili la juu lilivyo gumu kupatikana.

Lakini namba si tatizo gumu kuliko yote. Pamoja na GRE, mwombaji hutakiwa kufanya mtihani wa Kiingereza, kama TOEFL, ulioanza kutolewa mwaka 1964. Nao una msamaha wake: vyuo vingi humwondolea sharti mtu aliyesoma shahada kwa Kiingereza, au anayetoka katika nchi iliyo kwenye orodha ya chuo. Orodha hizo hazilingani kati ya chuo na chuo, jambo linalowachanganya zaidi Watanzania, ambao nchi yao inajulikana duniani kwa Kiswahili.

Tanzania ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za umma mwaka 1967, lakini sekondari na vyuo vikuu vikabaki na Kiingereza. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kipande hadi sekondari na kuendelea. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Miaka miwili baadaye Criper na Dodd (1984) walionyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kujifunzia masomo mengine. Wataalamu wa lugha wa Afrika Mashariki wameutumia ushahidi huo kwa miaka 40 kudai mabadiliko ya sera.

Mwombaji wa shule ya sera Marekani anasimama upande wa pili wa ushahidi huohuo. Msamaha wake wa TOEFL unategemea kauli kwamba alifundishwa kwa Kiingereza, yaani unategemea sera ileile ambayo wataalamu wa nchi yake wameikosoa kuwa haifundishi Kiingereza wala masomo. Kama pendekezo la mwaka 1982 lingetekelezwa, huenda angeelewa uchumi na takwimu vizuri zaidi, na angelazimika kulipia mtihani wa lugha kwa dola. Wanaodai Kiswahili kiwe lugha ya vyuo vikuu hawajaizungumzia gharama hii vya kutosha. Haitoshi kuiangusha hoja yao, lakini inawahusu vijana wenye majina, na inafaa iingie kwenye hesabu.

Kwa sasa hati inayoamua ni barua fupi ya ofisi ya msajili wa chuo, yenye mhuri, inayothibitisha kwamba fulani alisoma shahada yake yote kwa Kiingereza. Haisemi kwamba semina zilifunguliwa kwa Kiingereza zikamalizika kwa Kiswahili, wala kwamba mhadhiri alirudia kanuni ya takwimu kwa Kiswahili ili ieleweke.