Positroni: Chembe pacha ya elektroni

POSITRONI ni chembe iliyo kinyume cha elektroni. Zote mbili zina uzito sawa, ila elektroni ina chaji hasi na positroni ina chaji chanya. Zikikutana huangamizana, na uzito wao wote hugeuka kuwa nishati.

Chembe hii ilijulikana kwa hesabu kabla ya kuonekana. Mwaka 1928, mwanafizikia wa Uingereza, Paul Dirac, alitunga mlinganyo wa kueleza mwenendo wa elektroni, lakini ukampa pia majibu asiyoyatarajia. Awali alidhani yanahusu protoni. Mwaka 1931 akakiri kuwa yanaashiria chembe mpya.

Agosti 2, 1932, Carl Anderson wa Taasisi ya Teknolojia ya California, Marekani, alipiga picha ya njia ya chembe iliyozalishwa na miale itokayo anga za juu. Chembe hiyo ilipenya bamba la madini ya risasi lenye unene wa milimita 6, ikapungua nguvu, na sumaku ikaipinda zaidi. Hapo Anderson akatambua ilikotoka, na kwamba ilikuwa na chaji chanya, ingawa ilikuwa nyepesi mno kuwa protoni. Mwaka 1936 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja na Victor Hess.

Leo positroni husaidia kutafuta saratani. Mgonjwa hudungwa sukari iliyotiwa florini-18, ambayo hutoa positroni. Kwa kuwa seli nyingi za saratani hufyonza sukari kuliko seli za kawaida, dawa hiyo hujikusanya kwenye uvimbe. Kila positroni hukutana na elektroni ndani ya mwili, na kwa kawaida hutokea miale miwili ya gama inayokwenda pande zilizo kinyume. Mashine ya PET huinasa, na kompyuta huonyesha mahali ilipoanzia.

Tatizo ni muda. Nusu ya florini-18 hutoweka kila baada ya dakika 110 hivi. Ikichelewa saa 6, hubaki karibu sehemu moja ya kumi. Kwa sababu hiyo, hospitali yenye mashine hiyo haiwezi kuitumia ipasavyo kwa florini-18 iwapo mtambo wa kuizalisha uko mbali mno.