Maibobo wa Butembo na Beni: wanatoka wapi?

Maibobo ni jina wanaloitwa watoto wa mitaani huku Butembo na Beni. Hakuna aliyezaliwa mwizi. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya waasi wa ADF katika eneo la Beni yamekimbiza jamaa nyingi kutoka mashambani. Mtoto mwingine anafika mjini bila wazazi, bila masomo, bila chakula. Sokoni, kundi la wakubwa linamupokea: leo anabeba mizigo, kesho anatumwa kuiba.

Akikamatwa, watu wanataka kumupiga. Lakini sheria ya tarehe 10 Januari 2009 iko wazi: mwenye chini ya miaka 14 hahukumiwi kama muhalifu, mwenye chini ya 18 anasikilizwa na tribinali ya watoto. Fimbo haimurudishii shamba, wala nafasi darasani.