Jifya Moja Haliinjiki Chungu



Mwaka 1999, nikiwa kidato cha tatu, jirani yangu bwenini, mtoto wa mvuvi, hakurudi baada ya likizo. Ulaya ilikuwa imezuia samaki wa Ziwa Victoria. Bei ya sangara ikaanguka na ada ikakosekana. Leo mimi ni mtumishi wa umma, na bado najiuliza: imekuwaje soko moja la mbali likamtoa mtoto wa Mara darasani?

Historia inajibu. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901 na Mwanza mwaka 1928. Musoma tulibaki na meli, kisha malori. Viwanda navyo hupenda kukaa pamoja penye usafiri, maana hapo fundi, vipuri na mnunuzi hupatikana karibu.

Hata hivyo tulijaribu. Pamba ya Bunda ilichambuliwa Bunda, na kiwanda cha nguo cha MUTEX kikajengwa Musoma ili nyuzi zisokotwe nyumbani. Shamba lililisha kiwanda, kiwanda kikalisha mji. Katika miaka ya 1990 mashine zilinyamaza, na mnyororo ule ukakatika. Upande wa Butiama, dhahabu ya Buhemba, iliyochimbwa tangu enzi za mkoloni, ilikuja na kuondoka na migodi yake. Vikabaki viwanda vya minofu, vyote vikitegemea samaki mmoja. Sangara alipokosa soko, vyote viliugua siku moja.

Mwanza nako kiwanda cha nguo kiliyumba, na samaki walizuiwa vilevile. Lakini mji ule ulikuwa na reli, bandari, bia na soda. Aliyeachishwa huku alibisha hodi kule.

Kwa hiyo ndugu zangu, wingi wa viwanda peke yake hautoshi. Sharti viwe vya namna mbalimbali, na vilishane. Mbegu ya pamba hutoa mafuta. Mashudu yake hulisha ng'ombe. Ng'ombe hutoa maziwa na ngozi. Yote hayo tunayo kati ya Bunda, Butiama na Musoma.

Wadogo zetu, someni ufundi na biashara mkilikumbuka hilo. Chungu cha Mara kinahitaji mafiga matatu. Yule mwenzangu wa bwenini alikuwa akinishinda hesabu.