Visasili vya Kigiriki katika kazi za V. Y. Mudimbe

Visasili vya Kigiriki katika kazi za V. Y. Mudimbe ni hadithi za mashujaa na viumbe wa Ugiriki ya kale ambazo mwanafalsafa na mwandishi Valentin-Yves Mudimbe (1941–2025), mzaliwa wa mji wa Likasi nchini Kongo, uliokuwa ukiitwa Jadotville, alizitumia kuchunguza jinsi Ulaya ilivyoibunia Afrika sura. Mudimbe alilelewa na watawa Wabenedikti, akabobea katika lugha, akafundisha Lubumbashi kabla ya kuhamia Marekani.

Uchambuzi wake mpana zaidi umo katika kitabu *The Idea of Africa* (1994). Humo anakirejea kisa cha mwandishi wa Kigiriki Filostrato: shujaa Herakle, akiwa usingizini baada ya kuliua jitu Antayo huko Libya, jina la Kigiriki la kale la Afrika, anavamiwa na jeshi la mbilikimo wanaotaka kulipiza kisasi, anaamka, anacheka, kisha anawazoa wote ndani ya ngozi yake ya simba. Anawapitia pia wanahistoria wa Kigiriki Herodoto na Diodoro, ambao maandishi yao yaliijaza Libya watu wasio na vichwa na wanawake mashujaa, Waamazoni.

Maandishi haya ya Mudimbe ni ya kitaaluma, na si mepesi. Katika riwaya zake, *Entre les eaux* (1973), *Le Bel immonde* (1976) na *L'Écart* (1979), wahusika wakuu si mashujaa wa visasili bali ni padri, mwanasiasa na msomi.