Kifuniko cha Bori la Kiko: Upepo, Moto na Uvutaji wa Tumbaku katika Mbinga na Ufuko wa Ziwa Nyasa, Mwishoni mwa Karne ya 19 hadi 1961

Historia ya eneo lililo kati ya milima ya Umatengo na ufuko wa mashariki wa Ziwa Nyasa imeandikwa zaidi kwa kufuata mambo makubwa: kuingia kwa Wangoni, misheni, Vita vya Majimaji, kahawa na vyama vya ushirika. Vifaa vidogo vya mkononi vimeachiwa wataalamu wa makumbusho, nao kwa kawaida huvipima, huvipa namba na kuviweka kabatini. Makala haya yanachukua kifaa kimoja kati ya hivyo, yaani kifuniko cha bori la kiko: kipande cha bati, shaba au mti chenye matundu, kinachokaa juu ya bori ili upepo usipeperushe cheche wala kumaliza tumbaku kabla ya mvutaji. Hoja inayotetewa ni kwamba kutokuwapo kwa kifuniko kwenye kiko cha asili cha eneo hili si pengo la ufundi lililosubiri kuzibwa na Wazungu. Kifuniko ni jibu la swali fulani, na swali hilo huzuka pale tu mvutaji anapoanza kutembea na moto wake.

Jambo hili lina uzito kwa mtafiti wa leo. Anayeorodhesha kiko na kuandika kwamba “hakina kifuniko” anaweza kumaanisha mambo mawili yanayopingana: kwamba kifuniko kilikuwapo kikapotea, au kwamba hakikuwapo tangu mwanzo. Tamko la kwanza linahusu hali ya kifaa; la pili linahusu jamii iliyokitengeneza. Yakichanganywa, jamii nzima huonekana kama kitu kilichopungukiwa sehemu.

Ni vema kuanza na maneno yenyewe. Kiswahili cha pwani, jinsi kilivyokusanywa na Edward Steere katika kitabu chake cha 1870 na baadaye katika kamusi ya Frederick Johnson ya 1939, kina msamiati kamili wa kiko cha maji. Bori ni kikombe cha udongo kinachotiwa tumbaku. Digali ni mwanzi unaotoka kwenye bori na kuingia ndani ya chombo cha maji. Chombo hicho, kibuyu au kifuu cha nazi, ndicho hasa kiko, na jina lake ndilo lililokuja kukiita kifaa kizima. Shilamu ni mwanzi unaopeleka moshi kinywani. Hata mlio wa maji mtu anapovuta una jina lake: malio ya kiko. Lugha iliyojali kuupa jina mlio wa maji isingekosa neno la kifuniko kama kifuniko kingekuwa sehemu ya kawaida ya chombo hicho. Katika orodha hiyo ya sehemu, hakimo.

Sababu yake inaonekana katika namna kiko cha maji kinavyowashwa. Kabla ya kiberiti kuwa bidhaa ya duka la kijijini, tumbaku iliwashwa kwa kaa la moto lililotolewa mekoni na kuwekwa juu ya bori. Kaa hilo lilikuwa chanzo cha moto na wakati huohuo lilifunika tumbaku kwa juu. Kuweka kifuniko cha bati juu ya kaa ni kulinyima hewa. Zaidi ya hayo, kiko cha maji ni chombo cha kuketi. Hakitiwi mfukoni; kikiinamishwa maji humwagika. Huvutwa karibu na meko, barazani au chini ya mti, na mara nyingi hupokezanwa. Moto wake hautoki nje ya duara la watu walioketi, na watu hao wenyewe ndio walinzi wake.

Tumbaku yenyewe ilikuwa mgeni aliyekwisha kuwa mwenyeji. Ilitoka Amerika na kuenezwa katika bahari ya Hindi na Wareno tangu karne ya 16, na njia kati ya bonde la Zambezi, Ziwa Nyasa na Kilwa zilipitika mapema: Gaspar Bocarro alisafiri kwa miguu kutoka Tete hadi Kilwa mwaka 1616. Hata hivyo wakazi wa ufukoni wanaosema Kinyanja hawakuchukua neno la pwani. Wao huiita fodya. Neno la pwani, tumbaku, lilitumika zaidi biashara na serikali zilipoingia.

Wangoni walikuja na desturi nyingine. Kundi la Zwangendaba lilivuka Zambezi mwezi Novemba 1835, na katikati ya karne hiyo dola za Kingoni zikajengeka katika nchi ya Songea, mashariki ya Umatengo. Katika asili yao ya kusini, tumbaku ya kunusa ilikuwa na heshima kubwa. Ugoro huwekwa katika kibuyu kidogo au pembe, na chombo hicho lazima kiwe na kizibo, kwa maana unga huvuta unyevu na kumwagika. Kwa hiyo isemwe wazi kwamba wazo la kufunika tumbaku halikuwa geni hata kidogo. Tofauti ni kwamba kizibo cha ugoro hulinda tumbaku, ilhali kifuniko cha bori hulinda pia kila kilichoko nje ya bori.

Hapo Kiswahili kinatupa jozi ya maneno yenye manufaa. Kinga, katika ngeli ya ki-/vi-, ni kijiti kinachowaka, ndicho kinachotajwa katika methali ya kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga, katika ngeli ya i-/zi-, ni ulinzi. Maneno haya hufanana kwa bahati tu, wala mwandishi hadai kuwa yana asili moja. Lakini kifuniko cha bori kinasimama hasa baina yao: kinaukinga moto usizimwe na upepo, na kinaikinga nchi isiunguzwe na moto.

Nchi inayozungumziwa ilikuwa na vingi vya kuungua. Uso wa Ziwa Nyasa uko takribani mita 475 juu ya usawa wa bahari, na milima ya Umatengo hupanda karibu mita 2,000. Nyumba za pande zote mbili ziliezekwa kwa nyasi. Ufukoni, kuanzia Mei hadi Agosti, huvuma mwera, upepo wa kusini-mashariki unaoinua mawimbi makubwa kiasi cha kuwazuia wavuvi kutoka. Cheche moja chini ya mwera, katika kijiji cha nyasi kilichokaushwa na kiangazi, si jambo la mtu mmoja.

Milimani hatari ilikuwa na sura nyingine, na hapa inafaa kutua kidogo. Wamatengo wanajulikana kwa kilimo cha ngoro, yaani mashimo yaliyopangwa kama vyumba vya sega la nyuki juu ya miteremko mikali. Wanaume hukata nyasi kwa nyengo. Nyasi zilizonyauka hulazwa kwa mistari inayokatana. Kisha wanawake huchimba udongo katikati na kuzifunika, hata matuta yenye mboji yakazunguka kila shimo. Maharage hupandwa kwanza, mahindi hufuata. Shimo hupokea maji ya mvua na kuzuia udongo usishuke bondeni. Wengi wameusifu mfumo huu kwa kuhifadhi udongo. Ambalo halisemwi sana ni kwamba unategemea nyasi zisiunguzwe. Katika sehemu nyingi za kusini mwa Tanzania moto ndio jembe la kwanza la mkulima, naye huchoma ili apate majivu. Mmatengo wa ngoro huzika kile ambacho jirani yake hukichoma. Kwa siku ambazo nyasi zimelala wazi zikisubiri udongo, rutuba ya msimu mzima iko juu ya ardhi, nyepesi na kavu. Katika shamba la namna hiyo, kiko kinachovutwa huku mtu akitembea ni hatari kuliko katika shamba linalongoja kuchomwa. Kuketi na kiko mahali pamoja, karibu na meko, ni kanuni ya kilimo kama ilivyo desturi ya starehe.

Kiko chenye kifuniko kina nasaba tofauti. Nchini Ujerumani katika karne ya 18 na 19 kilikuwa kitu cha kawaida: bori la mti, la kauri au la meerschaum, na juu yake kifuniko cha chuma au shaba chenye bawaba na matundu. Mji wa Ulm ulipata sifa kwa viko vyake vya mti. Si upepo peke yake uliokieneza kifuniko hicho. Miji ya mbao na misitu ya serikali iliogopa moto, na kanuni za kuzuia moto katika sehemu mbalimbali za Ujerumani zilitaka mvutaji afunike bori lake. Berlin ilikwenda mbali zaidi: kuvuta tumbaku barabarani kulikatazwa hadi mapinduzi ya Machi 1848, na kuondolewa kwa katazo hilo kulikuwa miongoni mwa mambo ambayo wananchi waliyadai. Kifuniko, kwa hiyo, kilikuwa pia hati ya ruhusa. Aliyefunika bori aliweza kupita na moto mahali ambapo asiyefunika angesimamishwa na askari.

Watu wa jamii hiyo ndio waliofika Nyasa. Meli ya mvuke Hermann von Wissmann, iliyoletwa vipande vipande, ilishushwa ziwani mwaka 1893. Wabenedikto wa Mtakatifu Otilia walianzisha Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera, katika Mbinga ya leo, mwaka 1899. Daktari wa kijeshi Friedrich Fülleborn, aliyezunguka eneo hili mwishoni mwa karne hiyo, alichapisha mwaka 1906 kitabu kikubwa pamoja na atlasi ya picha kuhusu nchi ya Nyasa na Ruvuma na watu wake. Mwaka wa kuchapishwa kwake hauwezi kupitwa kimya. Ni mwaka uleule ambao viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea, tarehe 27 Februari, na ambao mashamba na maghala ya kusini yaliunguzwa na jeshi la kikoloni ili njaa imalize kazi ya bunduki. Dola ambayo kwao ilidai kila mvutaji afunike bori, huku ilitumia moto kuwa silaha dhidi ya chakula cha raia. Mtafiti anayesoma picha za vifaa vya nyumbani za miaka hiyo hana budi kukumbuka nyumba zenyewe zilifikwa na nini.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilifika ziwani mapema. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza Gwendolen, chini ya Rhoades, iliishambulia Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Sphinxhaven, yaani Liuli. Nahodha wake Mjerumani, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades na hakujua kwamba vita vimeanza. Baada ya hapo wanaume wengi wa eneo hili walitembea mbali kuliko ilivyokuwa desturi, kwanza kama wapagazi wa majeshi, baadaye kama vibarua wa mkonge huko Tanga. Mwandishi anaona kwamba badiliko hili la mwendo ndilo kiini cha suala, kuliko kuonekana kwa kiko cha Kijerumani mikononi mwa padri au ofisa. Mpagazi hawezi kubeba kibuyu cha maji na meko. Anahitaji kiko kifupi, kiberiti, na njia ya kuufunika moto njiani. Kwake kifuniko kina maana, kiwe cha dukani au kipande cha bati la kopo kilichotobolewa kwa msumari.

Wakati huohuo tumbaku ilibadilika kutoka kitu cha bustani ya nyuma ya nyumba na kuwa zao la kuuza. Chama cha ushirika cha Wangoni na Wamatengo, NGOMAT, kilianzishwa mwaka 1936. Nchi ya Songea ililima tumbaku ya moshi. Milima ya Umatengo ilishika kahawa ya arabika, inayopenda baridi. Tumbaku ya moshi hukaushwa ndani ya bani kwa moto mdogo unaofuka chini ya majani yaliyotundikwa, na ni aina inayofaa sana kwa kiko, kutafuna na ugoro. Ndani ya bani, tatizo la bori hurudi likiwa kubwa mara elfu: moto ukizidi, bani na mavuno ya mwaka huteketea, ukipungua, majani huoza. Mkulima hulala karibu akiuchunguza. Baadhi ya majani hayo, baada ya kupita ghala la ushirika, bandari na kiwanda, yaliishia katika mabori ya watu wa nchi za mbali, wenye viko vyenye vifuniko vya fedha.

Sigara ndiyo iliyolifunga suala hili kwa wavutaji wengi. Kiwanda cha sigara cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961, mwaka wa uhuru, na sigara haina bori la kufunika. Wavuvi wa usipa wanaotoka usiku Mbamba Bay na Liuli, wakiwa na taa ndani ya mtumbwi, huiwasha kwa kugeuzia mwera mgongo na kukunja viganja viwili kuizunguka njiti ya kiberiti.